Mikono Mia Tatu, Lakini Mkono wa Nani?

Tulikuwa tumeshachomeka kigingi cha kwanza kwenye mstari wa goli, kamba mkononi, mpwa wangu alipouliza swali ambalo nimelibeba hadi leo. "Mikono mia tatu, sawa. Mkono wa nani, mjomba?"

Nilikuwa nimemwahidi kwamba Jumamosi hiyo tutaipima safina ya Nuhu chini ardhini, ili aone ukubwa wake kwa miguu badala ya kuuona kwenye vitabu vya watoto, vile ambavyo twiga ametoa shingo dirishani na kiboko anachungulia kama abiria wa basi. Ana miaka tisa. Sikutegemea ugomvi wa vipimo. Lakini haki alikuwa nayo. Mkono, kwa maana ya Mwanzo sura ya 6, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na kila mtu anatembea na wake. Tukapimana. Wangu sentimita 47, wake 33. Kwa mkono wake safina ilikuwa mita 99, ikaishia hatua chache kabla ya goli la pili. Kwa mkono wangu ilikuwa mita 141: ikapita katikati ya milingoti ya goli, ikatoka uwanjani, ikaingia kwenye nyasi ndefu, na mimi nyuma yake nikiburura kamba na kuchomwa na miiba. Maandiko yale yale, safina moja, tofauti ya mita 42.

Wazee wa kabla ya futi kamba hawakuona shida hapo. Shibiri mbili mkono, mikono miwili wari, wari mbili pima. Safina ya Nuhu kwa hesabu hiyo ni pima 75, basi. Fundi alipotaka ubao wa mikono minane alipima kwa mkono wake, akakata kwa mkono huo huo, na chombo kikatoka sawa kwa kuwa mwili mmoja ndio uliokuwa rula ya kila kitu. Mambo huharibika pale mtu mwingine, miaka elfu kadhaa baadaye, anapotaka kuunda chombo kile kile. Hapo mkono wa nani huwa ni swali la fedha.

Kwa maana wapo wanaokiunda. Huko Williamstown, jimbo la Kentucky, Marekani, wamechagua mkono mrefu wa karibu sentimita 52, na safina yao ina urefu wa futi 510, yaani mita 155. Uholanzi, mjenzi Johan Huibers alichagua mkono mfupi, akapata kama mita 130. Zote mbili zinatajwa kuwa safina ya ukubwa kamili, moja inaipita mwenzake kwa mita 25, na hakuna aliyedanganya.

Nakiri kwamba nilianza kuwafuatilia watu hawa ili niwacheke. Mimi ni fundi wa kubahatisha. Nina msumeno, randa, na kabati moja nililolitengeneza ambalo mlango wake haujawahi kufungika vizuri. Mtu anayejitwika kazi ya kuunda chombo cha orofa tatu kwa maelezo ya aya tatu alinichekesha kabla sijamsikiliza. Baadaye nikazisoma zile aya kama fundi anavyosoma karatasi ya mteja, na kicheko kikapungua.

Zisome hivyo uone. Mti wa mvinje. Vyumba. "Ukaipake lami ndani na nje." Urefu 300, upana 50, kimo 30. Mwangaza juu, mlango ubavuni, orofa ya chini, ya pili na ya tatu. Yamekwisha. Mkuku, uti wa mgongo wa chombo, haumo. Mataruma, mbavu zake, hayamo. Hakuna mlingoti, tanga, usukani wala nanga, na juu ya farumi, uzito wa kukituliza chombo majini, hakuna neno. Fundi wa vyombo angeirudisha karatasi hiyo na maswali hamsini pembeni. Nuhu, kwa jinsi anavyosimuliwa pale, hakuuliza hata moja.

Chukua mti wenyewe. Neno la Kiebrania ni gofer. Limetokea mara hii moja tu katika Biblia nzima, na wasomi hawajakubaliana ni mti gani. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili wakaweka mvinje, na kila nikiusoma mstari ule nasikia upepo wa bahari ukipiga mluzi kwenye yale majani kama sindano. Mvinje ni mgumu, mzito, na hupenda kupasuka; ni mti wa nguzo na boriti kuliko wa mbao pana. Nisingependa kukabidhiwa meli nzima ya mvinje. Hata hivyo wafasiri walifanya kile ambacho kila mwunda safina hulazimika kufanya: maandiko yaliponyamaza, walitia mti wa kwao.

Na walitia zaidi ya mti. Neno la Kiebrania linaloitaja safina ya Nuhu, teva, si neno la kawaida la meli. Linapatikana katika visa viwili tu: hiki cha gharika, na kile cha mtoto Musa aliyefichwa mtoni. Kiswahili kimeulinda undugu huo vizuri. Nuhu ana safina, Musa ana kisafina cha manyasi, na mama yake "akakipaka sifa na lami". Sifa! Mafuta ya ini la papa, yale ambayo mafundi wa majahazi huyapaka kwenye mbao zisinywe maji, yenye harufu ambayo huisahau maisha. Sidhani kuwa papa alifika Mto Nili kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini aliyeandika neno lile alijua chombo hupakwa nini kabla ya kushuliwa, akamkabidhi mama wa Musa kopo la fundi.

Upande wa Qurani maelezo ni machache zaidi, hakuna hata mikono. Surat Al-Qamar inasema tu kwamba Nuhu alichukuliwa juu ya kitu cha mbao na *dusur*, neno ambalo wafasiri wengine wamelisoma kuwa misumari na wengine kuwa kamba. Kwa hiyo hata swali la kwanza kabisa la fundi, tunapigilia au tunashona, limeachwa wazi. Kwa anayejua habari za mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, usomaji wa pili hauna ajabu. Lakini Surat Hud ina jambo ambalo Mwanzo haina: kila wakuu wa kaumu yake walipopita karibu na Nuhu akiunda, walimkejeli. Hilo nalijua. Siku ya kamba na vigingi walipita vijana watatu na mpira wao, wakasimama, wakauliza kama tunagawa viwanja.

Kejeli na safina zimefuatana muda mrefu. Katika mji wa Hoorn, Uholanzi, mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, mfanyabiashara Pieter Jansz Liorne alijitia katika kuunda meli ndefu na nyembamba kuliko zilizozoeleka, na inasimuliwa kwamba uwiano wake aliuchukua kwa Nuhu, urefu mara sita ya upana. Wenzake walicheka. Aina ile ya meli, fluyt, ikaja kuwa punda wa biashara ya Uholanzi: tumbo kubwa, mabaharia wachache, gharama ndogo. Sidai kwamba Mwanzo ni kitabu cha uhandisi. Nasema tu kwamba mara sita kwa moja ni namba ambayo mtu mwenye mizigo ya kubeba hawezi kuidharau.

Huibers naye ni wa pande hizo hizo za kaskazini ya Uholanzi. Mwaka 1992 aliota nchi yake imefunikwa na maji. Kwa Mholanzi hiyo si ndoto ya kigeni. Karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, na mafuriko ya 1953 yaliua zaidi ya watu 1,800. Alianza na safina ya takriban nusu ya urefu, mita 70, ikafunguliwa kwa watu mwaka 2007. Haikumtosha. Mwaka 2012 akafungua ile kubwa huko Dordrecht. Nimeitazama picha zake kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mzima mwenye kazi. Mbao za msonobari, safu juu ya safu, mwili mnene kama ghala lililoamua kuogelea. Na inaelea kweli.

Ila ukishuka chini utakuta chuma. Safina ile imekaa juu ya matishari ya chuma yaliyounganishwa, vyombo bapa vya kubebea mizigo. Mbao ni nguo, matishari ni mwili. Injini haina, hivyo ikitaka kwenda mahali hukokotwa. Nilipolijua hilo mara ya kwanza nilihisi nimeuziwa chai baridi. Halafu nikaisoma habari ya Wyoming, na nikamwomba Huibers radhi.

Wyoming ilikuwa meli ya matanga yenye milingoti sita, iliyoundwa mwaka 1909 huko Bath, jimbo la Maine, Marekani. Ni miongoni mwa meli kubwa kabisa za mbao zilizopata kuundwa na kurekodiwa: sitaha yake peke yake ilizidi mita 100. Walioiunda hawakuwa watu wa kubahatisha kama mimi. Walikuwa na miaka mingi ya kazi hiyo, mbao nzuri, na juu ya hapo waliifunga kwa mikanda ya chuma ya mshazari ili isilegee. Ililegea. Wimbi likipita chini ya tumbo, ncha mbili huinama. Wimbi likishika ncha mbili, tumbo huzama. Meli ndefu ya mbao si kitu kimoja. Ni maelfu ya mbao zilizoshikana, na kila kiungo husogea kidogo tu, kidogo usichokiona kwa jicho. Kusanya vidogo hivyo katika mita mia, meli nzima inajinyonga kama nyoka. Kalafati, ile pamba ya kuzibia, hutoka kwenye mianya, maji huingia, na pampu hazipati mapumziko. Mwaka 1924 dhoruba iliikuta Wyoming karibu na Cape Cod, ikazama na kila aliyekuwamo.

Sasa rudi kwa Nuhu. Mita 135 kwa mkono wa kawaida, hana mkanda wa chuma, hana pampu ya mvuke. Kwa kumtetea, chombo chake hakikuwa na milingoti ya kukamata upepo. Kilikuwa sanduku, na sanduku halina haraka. Anayeamini atasema aliyeagiza kazi ndiye aliyeshikilia mbao, na kwa Nuhu hilo ni jibu linalojitosheleza. Kwa mkaguzi wa bandari si jibu.

Wakaguzi wa bandari nao wapo. Ile safina ndogo ya Huibers iliuzwa kwa mwenye maonyesho mmoja, ikawa inakokotwa bandari hadi bandari. Mwaka 2016, huko Oslo, iligonga meli ya walinzi wa pwani iliyokuwa imefungwa gatini, ikatoboka ubavuni. Mwaka 2019 ilifika Ipswich, Uingereza, na hadi 2021 ilikuwa haijaruhusiwa kuondoka, kwa kuwa maofisa hawakuridhika na usalama wake wala karatasi zake. Ninaipenda sana picha hiyo: safina ya Nuhu imezuiwa kwa kukosa cheti. Nuhu alihitaji kumridhisha mmoja tu.

Wa Kentucky walilikwepa suala zima la maji. Safina yao, iliyofunguliwa tarehe 7 Julai 2016, saba ya mwezi wa saba kwa ajili ya Mwanzo 7:7, haikuundwa kuelea. Imesimama nchi kavu juu ya nguzo, na upande mmoja imeegemea minara mitatu yenye lifti na vyoo. Gharama ya mradi ilifika takriban dola milioni 100, na miongoni mwa mafundi walikuwamo maseremala wa Kiamishi, Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale, watu wanaojua kuinua ghala la mbao kwa siku chache. Boriti zake za ndani, hata kwenye picha, zinamtia fundi wivu. Miti mizima iliyochongwa na kufungwa kwa vyuma vinene kama kifundo cha mguu. Kuhusu ndani wamefikiri mengi ambayo maandiko hayakuyagusa: maji ya kunywa yalikaa wapi, hewa ilipita wapi, kinyesi kilitolewaje. (Mpwa wangu aliuliza la kinyesi kabla ya kuuliza la Mungu. Nadhani ana akili.) Kisha, 2017 na 2018, mvua kubwa ilibomoa udongo kando ya barabara ya kuingilia, na wenye safina wakawafikisha mahakamani kampuni za bima zao. Vichwa vya habari vilijiandika vyenyewe. Mimi pia nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba safina haikudhurika. Kilichobomoka ni ardhi, na kwa kweli hivyo ndivyo kisa chenyewe kinavyokwenda.

Hong Kong, kwenye kisiwa cha Ma Wan, ipo nyingine tangu 2009, kando ya daraja la Tsing Ma. Ni ya zege, ina hoteli ndani, na sanamu za wanyama, jozi 67, zinatoka mlangoni kushuka bustanini. Huko Frostburg, Maryland, Marekani, mchungaji mmoja alianza ya chuma mwaka 1976, na zilizosimama kwa miongo mingi ni fremu tupu kando ya barabara kuu, mataruma bila ubao. Magari yanapita. Kati ya hizi mbili, ya hoteli imekamilika na ile ya fremu haijakamilika, na ni ile ya fremu inayonifanya nisimame.

Lakini kama ningepewa tiketi moja, nisingekwenda kwa yoyote kati ya hizi. Ningekwenda Kerala, India, nirudi nyuma hadi kile kipindi cha kuelekea 2014, kutazama watu wazima wakisuka kapu.

Kisa chake kinaanzia kwenye bamba la udongo la ukubwa wa simu ya mkononi, lenye maandishi ya Kibabiloni ya kati ya 1900 na 1700 kabla ya Kristo. Irving Finkel wa British Museum, makumbusho ya London, alilisoma, akakuta mistari 60 ya maelekezo ya mungu kwa mtu aitwaye Atra-hasis: gharika inakuja, bomoa nyumba, unda chombo. Mambo yenyewe tunayajua. Tusilolijua ni umbo. Chombo kilikuwa duara. Kapu! Kapu kubwa la kamba, lenye mataruma ya mbao ndani na lami nje, kama yale makapu ya kuvukia mito ya Iraki ambayo yalitumika hadi karne iliyopita. Kipenyo chake ni karibu mita 70, kuta mita sita hivi. Na tofauti na Mwanzo, huyu mteja alitoa maelezo: mataruma 30, nguzo 3,600, lami unene wa kidole, na kamba. Finkel alikokotoa urefu wa kamba hiyo, ukatoka kama kilomita 527. Msomaji aliyewahi kuona ukili ukishonwa mkeka, mzunguko juu ya mzunguko, hahitaji mchoro. Anajua mikono inakwendaje. Anajua pia kwamba kilomita 527 ni wazimu.

Chombo cha mita 70 hakuna aliyekithubutu. Kule Kerala walisuka kilicho kidogo zaidi, kwa njia zile zile, chini ya wataalamu wa vyombo vya kale. Mmoja wao, Tom Vosmer, alikuwa ameshasimamia Jewel of Muscat, jahazi lililoshonwa kwa kamba lililosafiri kutoka Omani hadi Singapore mwaka 2010. Kamba ikasukwa, mataruma yakatiwa, lami ikapakwa. Wakakishua. Kikaelea. Na kikavuja, lami waliyoipata haikuwa nzuri kama ile ya Iraki, na pampu ikabidi ifanye kazi muda wote.

Sielewi kwa nini watu husimulia hilo kama aibu. Kati ya vyombo vyote nilivyovitaja, hicho ndicho pekee kilichoingia majini kwa nguvu za vitu vilivyotajwa kwenye maandishi: kamba, mbao, lami. Hakina tishari chini wala mnara nyuma. Kilivuja kama Wyoming ilivyovuja, kama kila chombo cha mbao kinavyovuja, ndiyo maana lugha yetu ina neno zima, ngama, kwa pale chini maji yanapokusanyika, na kitenzi, kufua, kwa kuyatoa. Nuhu wa kweli, kama alikuwapo, alifua maji. Naweka dau la kabati langu.

Basi, baada ya miezi ya kusoma, nikarudi kwa yule aliyeniuliza. Nilimwambia jibu ni sentimita 45, mkono wa mtu wa wastani, si wake wala wangu, na tukatengeneza ya kwetu kwa plaiwudi, moja kwa mia: sentimita 135, 22 na nusu, 13 na nusu. Orofa tatu. Nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ikawa lami, ndani na nje, kama ilivyoagizwa. Ilichukua wikendi tatu na kidole gumba kimoja changu.

Tuliishua kwenye bwawa la watoto la plastiki. Tupu, ilikaa juu juu kama jani. Tukatia mchanga kama shehena hadi maji yakafika nusu ya kimo chake. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: hapo uzito wote ni kilo 20 na kidogo, na kwa safina yenyewe ni tani 20,500. Nusu ya mikono 30 ni 15, na Mwanzo 7:20 inasema maji yalipanda mikono 15 juu ya milima. Wasomaji wa zamani waliliona hilo: chombo kilichozama hadi kiunoni, na maji ya kutosha tu kisikwaruze kilele. Mpwa wangu akajaribu kuipindua. Alisukuma ubavu kwa viganja viwili, akapiga mawimbi kwa ndoo, akaikalia nusu. Ikalala, ikanyanyuka. Ikalala, ikanyanyuka. Nimetengeneza vitu vingi na hiki ndicho cha kwanza kilichokataa kuharibika.

Halafu ikaanza kuzama polepole, kwa upande mmoja.

Mlango. Nilikuwa nimeutia ubavuni, orofa ya pili, kwa sababu ndovu hawezi kupandishwa hadi ya tatu bila ngazi ya kutisha. Lakini orofa ya pili inaanzia mikono 10 na kuishia 20, na maji yako 15. Mlango wangu ulikuwa nusu ndani ya maji. Niliufunga vizuri kwa ndani, nikaupaka nta kwa ndani. Nje palikuwa patupu, bila nta.

Tuliitoa, tukamwaga maji, tukaketi. Nikamweleza kwamba safina zote nilizozitazama zina milango inayofunguka, na ya dharura juu yake, kwa kuwa watu hulipa kiingilio na lazima watoke. Hakuna hata moja iliyowahi kufungwa kama ile. Akafikiri, huku akichezea kipande cha mshumaa.

"Ndani alipaka Nuhu," akasema. "Na wote walikuwa ndani. Nje ya mlango alipaka nani?"

Nikamsomea Mwanzo 7:16, maneno mawili ya mwisho: "BWANA akamfungia." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa sehemu yake ya kazi. Akawasha mshumaa, akasubiri nta iyeyuke, akaanza kuipaka kwenye mwanya kwa kidole, kwa nje, akipuliza ipoe.